Mchezo wa Kujenga na Mambo Wayavumbuayo Watoto Wetu

 

Wasomaji wetu watukufu, huenda baadhi ya wazee wakastaajabu kuona gazeti la dini linazungumza juu ya mchezo wa simu. Tunawaomba wasubiri kidogo. Hapa mtaani kwetu Cheyo, katika mji wa Tabora, mchezo uitwao Minecraft umeingia majumbani, na wazazi kadhaa walifika chuoni kututaka tuupige marufuku kwa wanafunzi wote. Hoja yao ilikuwa moja: mtoto hukaa kitako saa nzima akitazama kioo cha simu, na akiulizwa afanya nini hujibu, "Najenga," ilhali hapana tofali hata moja lililoinuliwa uani. Sisi tuliwajibu kuwa kadhi hakati hukumu kabla ya kusikiliza pande mbili. Basi tangu Shawwal 1446, yaani Aprili 2025, kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri tulikaa barazani na vijana, wavulana upande mmoja na wasichana upande wa pili, tukawapa sharti moja tu: wasituonyeshe walichofundishwa na mtu, bali watuonyeshe walichokivumbua wenyewe.

Kwa ajili ya wale wasioujua mchezo huu, yafaa tueleze kwa ufupi. Ni ulimwengu wa kuchora ambao kila kitu ndani yake, ardhi, jiwe, mti na hata maji, kimekatwa kwa umbo la mchemraba, kama matofali yaliyopangwa. Mchezaji huvunja tofali hapa akaliweka pale. Aliyeutunga ni Msweden mmoja, Markus Persson, aliyeutoa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2009. Ulikamilishwa Novemba 2011. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft iliununua pamoja na kampuni yake kwa dola bilioni 2.5 za Marekani, na mwaka 2023 wenyewe walitangaza kuwa nakala zilizouzwa zimepita milioni 300. Lakini hilo si lililotuvutia. Lililotuvutia ni kwamba mchezo huu ulipotoka haukuwa na kitabu cha maelezo, wala hapakuwa na mshindi wala mshinde. Mchezaji aliachwa peke yake nyikani, ajaribu, akosee, ajaribu tena, kisha amweleze mwenzake alichokiona.

Wa kwanza kutuonyesha alikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Alichimba shimo la mraba, matofali mawili kwa mawili, kina chake tofali moja. Akamimina ndoo moja ya maji katika pembe hii, na ndoo ya pili katika pembe inayoikabili. Shimo likajaa. Akateka ndoo moja, na shimo likabaki limejaa. Akateka ya pili, ya kumi, ya ishirini, na maji hayakupungua hata tone. Aliligundua jambo hilo, alisema, siku alipomwaga maji kwa bahati mbaya karibu na maji mengine. Kisha akauliza kwa nini kisima cha nyumbani kwao hakiwi hivyo, maana mama yake huamka kabla ya alfajiri katika miezi ya kiangazi kuwahi zamu ya maji. Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwani swali lile lilikuwa kubwa kuliko yeye. Wanafunzi walioihifadhi Suratul-Mulk walijua mara moja aya ya mwisho ya sura ile inauliza nini, na mmoja wao akaisoma pale pale. Mtoto yule akanyamaza kwa muda, kisha akasema: maji ya mchezo yana kanuni aliyoiweka mtu, na maji yetu yana kanuni aliyoiweka Mungu. Hakuna aliyemwambia maneno hayo.

Msichana mmoja alikuwa na daftari. Alikwisha kuona kuwa mti katika mchezo ukikatwa shina lake, sehemu ya juu hubaki ikielea hewani, jambo ambalo lingemfanya mkata kuni yeyote wa Unyamwezi akimbie. Lakini mchanga ukichimbwa chini yake huanguka, na changarawe huanguka vile vile. Basi akagawa ukurasa mara mbili, akaandika upande mmoja vianguKAvyo na upande mwingine visivyoanguka, na hakuandika kitu mpaka amekijaribu kwa mkono wake mwenyewe.

Daftari lile lilimfaa mvulana mwingine aliyekuwa akijaribu kujenga tembe mfano wa lile la Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 akingojea wapagazi. Wasomaji wa mbali wajue kuwa tembe ni nyumba ya pembe nne yenye uwanja katikati na dari la udongo lililo bapa. Kijana alijenga kuta, akaweka mchanga juu ili uwe dari, na dari lote likamwangukia. Akaweka tena, likaanguka tena. Ndipo akalitazama daftari la mwenzake, akatandaza mbao kwanza kutoka ukuta hadi ukuta, akaweka mchanga juu ya mbao, na dari likasimama. Mzee mmoja aliyekuwa akipita barazani aliposikia habari hiyo alisema kuwa babu zake hawakufanya vinginevyo: miti kwanza, fito juu yake, kisha udongo. Mvulana hakuwa amepata kumwuliza mzee yeyote. Sasa anawauliza, na hiyo ni faida ambayo sisi hatukuitazamia.

Yako mambo mengine ya namna hiyo, nasi tutayapitia haraka. Maji yakimwagiwa lava iliyotulia, yaani mwamba ulioyeyuka kwa moto, hupatikana jiwe jeusi gumu sana. Lava inayotiririka ikiguswa na maji ubavuni hutoa jiwe la kawaida. Na lava ikishuka juu ya maji hutoa jiwe laini. Vijana wakaviweka vijito viwili, cha maji na cha moto, vikutane mahali pamoja. Kila wakikata jiwe, jingine huzaliwa pale pale. Wamejipatia machimbo yasiyokwisha. Na baruti ikilipuliwa ndani ya maji haivunji kitu.

Lakini liko moja ambalo lastahili kuelezwa kwa utulivu. Katika mchezo kuna vumbi jekundu liitwalo Redstone, ambalo hupitisha nguvu mfano wa umeme kwa umbali wa matofali 15, kisha nguvu hufifia. Na kuna mwenge wa vumbi hilo hilo wenye tabia ya ajabu: tofali ulilosimikwa likipata nguvu, mwenge huzima, likikosa nguvu, mwenge huwaka. Yaani hufanya kinyume. Tufanye mfano wa mlinzi aliyeambiwa: washa taa, isipokuwa ukisikia sauti ya Ali au ya Omari. Taa itawaka wakati mmoja tu, nao ni pale wote wawili wamenyamaza. Basi wajuzi wa hesabu wanajua kwamba amri hiyo moja, ikirudiwa na kuunganishwa mara nyingi, yatosha kujenga mashine yoyote ya kuhesabu. Wachezaji wengi hawakuwa wasomi wa hesabu. Walikuwa vijana waliotaka mlango ujifunge wenyewe usiku. Kutoka mlango wakafika kwenye kufuli, kutoka kufuli wakafika kwenye mashine ya kujumlisha, na mwaka 2022 mchezaji mmoja alionyesha kompyuta nzima iliyojengwa kwa vumbi hilo, na ndani yake mkichezwa nakala ndogo ya mchezo wenyewe.

Jambo hili la Redstone lilizua ugomvi barazani, na ugomvi huo ulitupendeza kuliko mengi tuliyoyaona. Mmoja wa vijana alikuwa amesikia kwa binamu yake wa Mwanza kwamba pistoni, yaani mtaimbo unaosukuma matofali, hupata nguvu hata kama nguvu imepita juu yake bila kuugusa. Mwenzake akasema uongo, nimejaribu. Wa kwanza akaapa kuwa binamu yake si mwongo. Wote wawili walikuwa wakweli. Binamu huchezea kompyuta, na katika mchezo wa kompyuta kosa hilo la watungaji lipo tangu pistoni zilipotiwa mwaka 2011. Wachezaji walikwisha kujenga mitambo mingi juu ya kosa hilo, na watungaji wakaamua kuliacha. Katika mchezo wa simu kosa hilo halipo. Tuliwauliza: basi ni nini alichokosa aliyeleta habari? Msichana mwenye daftari akajibu kuwa alitaja msimulizi, asitaje mahali habari ilipotokea. Walimu wenzetu watatuelewa tukisema kuwa siku ile somo la isnadi lilikuwa jepesi kufundisha.

Mzazi atauliza: haya yote yana faida gani nje ya kioo? Swali hilo ni la haki, na jibu lake moja liko kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilifanya mapatano na kampuni ya mchezo huu na kuanzisha mradi uitwao Block by Block, kwa azma ya kutengeneza viwanja 300 vya watu wote duniani kwa muda wa miaka mitatu. Mahali pa kwanza palipojaribiwa ni Kibera, katika kiwanja cha michezo cha Silanga. Kibera, tukumbushe, ni mji ulioanzishwa na ndugu zetu Waislamu wa Kinubi, askari wa zamani wa jeshi la Mwingereza, na jina lake ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kwa kawaida wahandisi huwaletea watu wa mtaa ramani ya karatasi, na watu huitikia kwa adabu bila kuielewa. Katika mradi huu kiwanja chenyewe kilijengwa ndani ya mchezo, na wenyeji wakakaa mbele ya kompyuta wakaweka wenyewe njia, mti, taa na mahali pa kukaa, wakabishana na kubomoa na kujenga tena. Baadaye njia hiyo hiyo ilitumiwa kwa bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi, ile ambayo tajiri Mwislamu A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Asiyejua kusoma ramani hakuwa mjinga. Alinyimwa tu chombo cha kusemea.

Wala hatusemi kuwa mchezo huu hauna madhara. Mchana na usiku wake pamoja ni dakika 20 tu, na mtoto aliyeona jua likizama mara tatu kiooni hupitiwa na Magharibi ya kweli. Ndani yake mnaweza kuingia wageni kutoka popote duniani wakazungumza na binti yako wewe ukiwa jikoni. Wazazi wafunge mlango huo. Na nakala nyingi zilizomo katika simu za hapa mjini hazikulipiwa. Tuliwaambia vijana waziwazi kuwa mali ya mtu ni mali ya mtu, hata kama mwenyewe ni tajiri na yuko mbali, na wanne kati yao wakachanga fedha kununua nakala moja ya halali. Simu hiyo ndiyo tuitumiayo barazani.

Sasa tufike kwenye msikiti. Vijana hao wanne waliamua kujenga msikiti ndani ya mchezo, na wa kwanza akauelekeza kaskazini moja kwa moja, kwa kuwa kila mtu wa hapa akiulizwa kibla kiko wapi huonyesha kaskazini. Msichana mmoja akamzuia. Akauliza: mbona mikeka ya chuo chetu imetandikwa mshazari? Hapo wote wakaiangalia mikeka waliyoikalia tangu utoto. Wakafungua dira ya simu, nayo ikawaambia kuwa kutoka Tabora kibla kimeegemea mashariki kwa kiasi cha nyuzi 14 kutoka kaskazini. Lakini tatizo likabaki. Mchemraba wa mchezo haugeuki. Hutazama kaskazini, kusini, mashariki au magharibi, basi. Utajengaje ukuta wa nyuzi 14 kwa matofali yasiyopinda?

Walihangaika Alhamisi mbili. Walijaribu tofali moja mashariki kwa kila mawili ya kaskazini, ukuta ukalala kupita kiasi. Wakajaribu moja kwa kumi, ukasimama kupita kiasi. Mwishowe mmoja wao akachora katika daftari la hesabu lenye visanduku, akapima kwa kipimapembe, na ikaonekana kuwa ni nne kwa moja: matofali manne kaskazini, moja mashariki, manne tena, moja tena, mfano wa ngazi. Kaka yake wa kidato cha nne akaleta majedwali ya hesabu na kuthibitisha kuwa tanjiti ya nyuzi 14 ni takriban robo. Hivyo watoto wa Cheyo wamevumbua, kwa kuhesabu matofali, kwamba kibla cha Tabora ni hatua nne na moja.

Tuliwaeleza kuwa wamo katika njia ya watu wakubwa. Mwaka 416 wa Hijria, yaani 1025, al-Biruni alikamilisha kitabu chake Tahdid, na ndani yake alitafuta kwa hesabu kibla cha mji wa Ghazna, baada ya kupima kwa uangalifu mahali pa miji mingi. Hakutosheka na kuambiwa, "ni upande ule."

Vijana nao hawakutosheka. Dira ya simu huvurugwa na chuma kilicho karibu, na mchezo si dunia. Tukawaambia kuwa kila mwaka, siku za Mei 27 na 28, jua huwa wima juu ya Al-Kaaba saa sita na dakika 18 mchana, na saa ya Makka ni sawasawa na saa yetu ya Afrika Mashariki. Wakati huo atazamaye upande wa jua ametazama kibla, na kivuli cha fimbo hulala upande wa pili. Siku moja kabla, walisimamisha mti wa mita mbili uani kwa timazi, wakachora duara kuuzunguka, na wakatia alama mahali ncha ya kivuli ilipogusa duara asubuhi na ilipoligusa tena alasiri. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ndio mashariki na magharibi ya kweli, na unaoukata kwa pembe mraba ndio kaskazini. Kutoka mguuni mwa mti wakapima futi nane kaskazini, kisha mbili mashariki, wakapigilia kigingi na kukifunga kamba.

Jumatano, Mei 28, 2025, mbingu ilikuwa safi kama iwavyo Tabora baada ya mvua kwisha. Ilipofika saa sita na dakika 18, kivuli cha mti kilikuwa na urefu wa mita moja hivi. Wakaivuta kamba kutoka kigingini, ikapita mguuni mwa mti, ikaendelea hadi kwenye ncha ya kivuli. Ilipishana nayo kwa upana wa kidole. Wazazi wale waliotaka marufuku walikuwapo. Mmoja wao aliinama, akaishika kamba kwa mkono wake, akaomba aelezwe tena tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo vijana wameifuata njia ya zamani ya misafara ndani ya mchezo, wakijenga msikiti mdogo katika kila kituo. Wameona kwamba Bagamoyo kibla ni karibu kaskazini halisi, takriban hatua thelathini kwa moja. Hapa petu ni nne kwa moja. Na Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, ni nane kwa tatu. Maana yake ni kwamba wazee wetu waliotoka pwani kwa miguu wakisali njiani, kadiri walivyokwenda magharibi walipaswa kuugeuza uso kuelekea mkono wa kulia wa kaskazini, kidogo kidogo, kituo baada ya kituo. Vijana sasa wanatafuta hesabu ya Dodoma.

Jua litakuwa juu ya Al-Kaaba tena Julai 15 na 16, saa sita na dakika 27 mchana. Mti ulionyooka, timazi na saa iliyosahihishwa vyatosha, na aliye na mtoto ajuaye mchezo huu amwombe kwanza amwambie hesabu ya mji wake ni hatua ngapi kwa ngapi.